Mgeni Aandikwe Jina Lake

(Maongezi na wanakisomo wa Mbagala, Wilaya ya Temeke)



Juma lililopita palitokea ubishi hapa darasani. Mama mmoja alisema jirani yake amempa chumba mtu aliyekimbia vita Kongo. Mzee wetu mmoja akasema afukuzwe leo hii, asije akatuletea majambazi. Mama akamwuliza, "Na watoto wake je, wakalale wapi?" Tukaachana bila kupatana. Leo tunalirudia jambo hilo.

Tuanze na ya hapa kwetu. Kurasini, si mbali na hapa, wakimbizi wa Msumbiji walikuwa na shule yao miaka ya 1960. Chama chao, FRELIMO, kilianzishwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wao, Dokta Eduardo Mondlane, alikuwa Msasani. Akafungua kifurushi cha posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Akafa pale pale. Basi hatari ilikuwapo kweli. Hata hivyo Serikali ya Mwalimu Nyerere haikukifukuza chama chake. Kiliendelea kukaa kwetu mpaka nchi yao ikapata uhuru, tarehe 25 Juni 1975.

Lakini mzee naye ana lake. Twende Ngara, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda. Kuanzia tarehe 28 Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Hebu fikirini! Wengi walikuwa akina mama, watoto na wazee wenye njaa. Katikati yao walijificha wauaji wenyewe, na kambini wakawa wanawatisha wenzao. Miti ya wanavijiji ikaisha kwa kuni. Desemba 1996 Serikali ikaamuru wote warudi kwao. Muuaji na asiye na kosa wakapita njia moja. Sisi tunaona kosa lilikuwa hapo: hawakutenganishwa mapema.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi ajitokeze kwa wakuu ndani ya siku saba, kisha akae mahali palipotengwa. Akitaka kutoka, aombe kibali. Kwa hiyo, mama, jirani yako ametenda wema, ila wema wa kuficha una ubaya wake. Mtu aliyefichwa akidhulumiwa mshahara hana pa kusemea. Akipigwa, haendi polisi. Nawe mzee, ukimtoa chumba hiki atahamia Tandika au Chamazi, na huko hatajulikana kabisa. Usalama gani huo?

Aende aandikwe. Huenda akapelekwa kambini Kigoma. Hatulifichi hilo, na kwa watoto si jambo jepesi. Ndiyo maana asiende peke yake. Afuatane na watu wanaojua kusoma, wamsomee kila neno kabla hajatia dole gumba. Aeleze mwenyewe alikotoka na alichokimbia, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, siyo kama karani anavyodhani.

Mzee amekubali kwenda, maana yeye ndiye anayesoma vizuri kuliko sisi wengine tulioanza juzi. Tutakutana kesho saa mbili asubuhi nje ya ofisi ya mtendaji. Mama atabeba uji wa watoto, kwa sababu foleni pale huwa ndefu.