MTOTO AKIKUELEZA, UTAMJIBU NINI?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa jamii mbele ya wazazi, walimu, viongozi wa mitaa na vijana wa kambi ya Dzaleka. Tumeyachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

  Najua wengine mmefika hapa moja kwa moja kutoka sokoni Lumbadzi, hata nyumbani hamjapita.

Leo sikuja kusoma tangazo la mgao. Nimekuja kuzungumza juu ya kitabu, na zaidi juu ya maneno tuliyoyasema sisi wenyewe baada ya kukisoma.

Tunacho kikundi kidogo cha kusoma. Tunakutana Jumamosi alasiri. Nakala ni moja tu, kwa hiyo mmoja anasoma na mwingine anaeleza kwa Kiswahili, ili hata asiyejua kusoma apate kufuata. Safari hii tulisoma kitabu cha China Keitetsi, kinachosimulia maisha yake mwenyewe.

Kwa kifupi, habari yenyewe ni hii. Keitetsi alizaliwa magharibi ya Uganda mwaka 1976. Wazazi wake waliachana, naye akalelewa upande wa baba. Anasimulia jinsi alivyopigwa na kuteswa na watu wa nyumbani kwao. Alitoroka akiwa bado mtoto, akaenda kumtafuta mama yake. Akaangukia mikononi mwa jeshi la msituni la NRA, lile lililoingia Kampala Januari 1986. Huko akafundishwa bunduki. Watoto kama yeye waliitwa kadogo. Ndugu zetu kutoka Kongo hawahitaji kuelezwa neno hilo. Walilisikia kwao pia mwaka 1996 na 1997, katika vita vilivyomwondoa Mobutu. Anaeleza pia jinsi wakubwa wa jeshi walivyowachukua wasichana kimwili. Mwaka 1995 alikimbia nchi, akafika Afrika Kusini. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulimpeleka Denmark kama mkimbizi. Kitabu chake kilitoka mwaka 2002, na baadaye kikatafsiriwa kwa lugha kadhaa, Kifaransa na Kijerumani zikiwemo.

Wengi duniani walikisoma kwa sababu ya bunduki. Sisi tulikwama kwenye kurasa za mwanzo, kabla bunduki haijaonekana, pale ambapo mtoto anateswa ndani ya nyumba yao wenyewe. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Nimeyaandika maneno yaliyosemwa siku ile. Sitataja majina, kwa maana hayakuwa ya mtu mmoja. Ni maneno ya kambi nzima.

La kwanza lilisemwa na mzee mmoja. Alisema: "Mambo ya nyumba hayaanikwi barabarani. Huyu binti amemvua baba yake nguo mbele ya dunia."

Nilimheshimu mzee, lakini nilimwuliza swali, nanyi nawauliza. Kambi yetu ilipofunguliwa mwaka 1994 ilikusudiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Leo tumepita 50,000. Ukuta wangu ndio ukuta wako. Jirani akikohoa, nasikia. Je, mtoto anayelia usiku kila siku, ni siri ya nani hiyo? Sote tunaisikia. Anayeificha si mtoto, ni sisi. Mtoto akisema, hafichui siri, anataja tu kile ambacho mtaa wote unakijua na kukinyamazia.

La pili lilisemwa na mama mmoja: "Sisi sote tulipigwa, na tumekuwa watu."

Ni kweli, wengi wetu tulichapwa. Lakini kuna tofauti kati ya mzazi anayemkanya mtoto na mtu mzima anayemwumiza mtoto mpaka mtoto anaona heri kulala porini kuliko kulala kwao. Keitetsi hakutoroka kwa sababu ya adhabu moja. Na tukumbuke kilichomngoja njiani. Mtoto anayekimbia nyumba yenye mateso huangukia mikononi mwa yeyote anayempa chakula. Kwao alikuwa mtu wa bunduki. Hapa anaweza kuwa dereva, mfanyabiashara, au mtu anayemwahidi kazi ya ndani Lilongwe.

La tatu lilisemwa na kijana wa rika langu, na wengine wakacheka: "Hadithi ya namna hii ndiyo tiketi ya Ulaya."

Ndugu zangu, hili ndilo neno linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu nalisikia kila wiki. Msichana akisema amebakwa, mtaa unasema anatafuta kupelekwa nchi ya tatu. Mvulana akisema ametendewa vibaya, mtaa unasema amefundishwa na mama yake. Hebu tuangalie tarehe. Keitetsi alifika Denmark mwaka 1999. Kitabu kilitoka mwaka 2002. Hakuandika ili asafirishwe. Alikuwa amekwisha kufika. Aliandika kwa sababu maumivu yalisafiri pamoja naye.

Sisemi kwamba hakuna hata mmoja anayesema uongo kambini. Wapo, na sote tunajua shida inavyomfanya mtu. Lakini kuchunguza ni kazi ya watu waliopewa kazi hiyo, polisi, daktari, ofisi ya ulinzi. Jirani aliyeambiwa na mtoto hakuombwa atoe hukumu. Ameombwa msaada tu.

Tusidhani ubishi huu ni wa kambi peke yake. Kitabu hiki nchini Uganda kilileta mabishano. Wapo waliomshukuru mwandishi, na wapo waliotilia shaka masimulizi yake. Marekani vilevile. Mwandishi mweusi Maya Angelou alitoa kitabu mwaka 1969, akaeleza jinsi alivyonajisiwa na rafiki wa mama yake alipokuwa na miaka kama minane. Wasomaji wengi walikipenda. Lakini miaka na miaka wapo wazazi waliodai kiondolewe mashuleni, wakisema habari ile haifai kusomwa na watoto. Mimi nasema: kama habari ile si ya mtoto kuisoma, basi tuanze kwa kuhakikisha hakuna mtoto wa kuipitia.

La nne ni swali: "Mbona hakusema mapema?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu Maya Angelou mwenyewe ametupa jibu. Yeye alisema. Alimtaja mtu yule. Mtu yule akashtakiwa, akaonekana na hatia, lakini akaachiwa haraka. Baada ya muda mfupi akakutwa ameuawa. Mtoto alifikiri moyoni mwake kwamba sauti yake ndiyo iliyoua. Akanyamaza karibu miaka mitano, asizungumze na mtu isipokuwa kaka yake. Aliyemsaidia kupata sauti tena ni mama mmoja wa kijiji cha bibi yake, aliyemwita nyumbani kwake, akampa vitabu, akamsomea kwa sauti. Hakumhoji wala hakumlazimisha kueleza chochote.

Kwa hiyo vijana wenzangu, mnaposikia habari ya namna hii mkakimbilia fimbo na mawe, mnafikiri mnamtetea mtoto. Mtoto anaona kitu kingine. Anaona kwamba neno lake limeleta damu, na kesho hatasema tena. Na mdogo wake anayetazama naye hatasema. Anayedhuru mtoto apelekwe kwenye sheria, asiuawe njiani.

Watu watano hivi walikuwa wamezungumza siku ile. Mmoja hakusema kitu. Tulipofunga kitabu alibaki akikunja mkeka polepole, mpaka wengine wote wakaondoka. Halafu aliniuliza: "Dada, ule ukurasa wa kutoroka, unaweza kunisomea tena?" Nikamsomea. Akasema asante, akaenda. Sikumwuliza kitu. Wiki iliyofuata alirudi, na wiki ya tatu akaanza kuzungumza.

Kwa nini sikumwuliza? Hapa lazima niwaambie kosa langu mwenyewe, kwa sababu si haki niwafundishe ninyi kama mtu asiye na doa.

Kabla sijapata mafunzo ya kazi hii, msichana mmoja wa jirani alinikuta tunapochota maji. Alikuwa na miaka kama kumi na miwili. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ndugu mmoja wa kiume wanayeishi naye humjia usiku. Mimi nilimfahamu mtu yule. Alikuwa mpole, mtu wa sala, na aliwahi kutusaidia kuezeka nyumba. Nikamjibu: "Una hakika? Yule ninayemjua mimi?"

Hakunijibu. Alijitwika ndoo yake ambayo ilikuwa haijajaa hata nusu, akaondoka. Baada ya hapo kila aliponiona alipita njia nyingine. Ilichukua zaidi ya nusu mwaka kabla mtu mwingine hajagundua, na safari hiyo iligunduliwa na wauguzi, si kwa maneno. Nusu mwaka, wazazi wangu. Niliuliza swali moja tu, na swali hilo lilimgharimu mtoto nusu mwaka. Tangu siku ile nimejifunza kwamba mtoto haji kwako na habari yote. Anakuja na kipande kidogo, anakijaribu kwako. Ukikipokea, ataleta kingine. Ukikitilia shaka, anakirudisha nyumbani.

Wala tusidhani ni habari ya watu wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini Malawi mwaka 2013 ulionyesha kwamba msichana mmoja kati ya watano, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wametendewa vibaya kimwili kwa njia ya ngono kabla ya kufikia miaka 18. Hesabuni wenyewe darasa moja la shule yetu. Na angalieni kwamba wavulana wamo. Mvulana huona aibu maradufu, kwa sababu tumemfundisha kwamba mwanamume halii.

Sasa tufanye nini? Naomba kila mmoja ashike mambo haya.

1. Msikilize mtoto mpaka amalize. Usishtuke kwa sauti, usimkatize, usimwulize mbona hakukimbia.

2. Maneno ya kwanza yawe haya: "Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Hayahitaji cheti wala fedha.

3. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie kweli: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kutusaidia." Na usiwaambie wengine, si bombani, si kanisani, si msikitini, si dukani.

4. Kama amebakwa, mpeleke hospitali siku ileile. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ni lazima ianze kabla saa 72 hazijapita, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe; ziwekwe kwenye karatasi au kitambaa.

5. Peleka habari kwenye ofisi ya ulinzi wa watoto, kwa mfanyakazi wa jamii, au polisi. Polisi wa Malawi wana kitengo cha kusaidia waathirika. Simu ya bure ya watoto nchini ni 116.

6. Msimalize jambo hili kwa mbuzi au kwa fedha kati ya wazee. Sheria ya Malawi ya mwaka 2010 ya kulinda watoto inamhusu kila mtoto aliye katika nchi hii, awe mwenyeji au mkimbizi. Wala msimwoze binti kwa mtu aliyemharibu. Tangu mwaka 2017 Katiba ya Malawi inaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa ndoa.

7. Baada ya hayo yote, endelea kuwa jirani. Mwite mtoto aje kucheza, aje kula, aje kusoma. Huyo mama aliyemsaidia Maya Angelou hakuwa daktari. Alikuwa jirani mwenye vitabu na subira.

Mzee yule aliyesema kwamba mambo ya nyumba hayaanikwi aliendelea kuja kila Jumamosi. Tulipofika mwisho wa kitabu alisema neno moja ambalo nimeomba ruhusa yake nilirudie hapa. Alisema: "Nimemlaumu kwa kusema. Sikumlaumu hata mara moja yule aliyempiga." Hakuongeza kitu, nasi hatukumwongezea.

Kikundi chetu kiko wazi kwa kila mtu, anayejua kusoma na asiyejua. Mnakaribishwa. Na kama yupo hapa mtu mwenye kipande chake ambacho hajapata pa kukiweka, awe mkubwa au mdogo, mimi nitabaki hapa mpaka jioni. Sitauliza maswali.