Orodha ya Waliolala

Ndugu wasikilizaji mlioko Najma, Mansoura na Umm Ghuwailina, hapa Doha, hamhitaji kusimuliwa habari ya Jumatano ile ya tarehe 22 Machi 2023. Wengine mliiona kwa macho kabla haijafika redioni. Jengo la ghorofa nne lilianguka Bin Durham, asubuhi ya saa mbili na dakika zake, siku moja kabla ya mfungo wa Ramadhani. Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza mapema: amekufa mmoja, wameokolewa saba, familia 12 za majengo ya jirani zimehamishwa. Baada ya hapo hesabu ya waliokufa ilipanda. Uchunguzi una wenyewe, na kituo hiki hakina la kusema juu ya zege na nondo.

Sisi tuna swali moja. Ndani walikuwamo akina nani?

Si swali la kipolisi. Ni swali la jirani. Siku ya pili na ya tatu baada ya jengo kuanguka, jamaa na marafiki walikuwa bado wanatafutana. Mmoja wa waliokufa alikuwa mwimbaji na mchoraji kutoka Kerala, mtu aliyejulikana sana kwa Wahindi wa mji huu. Hata yeye, pamoja na kujulikana kwake, alitafutwa kwanza. Je, wewe mlinzi wa zamu ya usiku, unayelala mchana chumba ambacho wenzako wote wako kazini, wewe ungetafutwa na nani? Walikuwamo akina nani? Nani angelitaja jina lako?

Mtakumbuka tuliuliza hivi hivi Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia. Safari ile halikuanguka jengo. Watu ndio waliotolewa. Shirika la habari la Reuters liliripoti jengo moja la Mansoura ambalo wakazi wake walisema linalaza watu 1,200. Saa mbili usiku wakaambiwa watoke, na muda waliopewa ni saa mbili. Saa nne na nusu maofisa wa manispaa wakarudi, wakawatoa waliobaki, milango ikafungwa. Kuna waliochelewa kufika, nguo zao zikabaki ndani na wao nje. Serikali ilijibu kwamba hatua ile haikuhusiana na mashindano, kwamba ni mpango wa muda mrefu wa kuipanga upya mitaa ya Doha, na kwamba waliotolewa walipewa taarifa na makazi yanayofaa. Sawa, tumesikia. Lakini nyinyi mliotupigia simu wiki ile mkiomba tuwasemee, tuliwauliza: mna karatasi gani inayoonyesha mlikuwa mnaishi pale? Kimya. Risiti hakuna. Mkataba hakuna. Kitanda umekodi kwa fulani, fulani kakodi chumba kwa mwenzake, mwenzake kakodi ghorofa kwa mtu wa tatu, na mwenye nyumba hajawahi hata kuisikia sauti yako.

Karatasi, jamani. Tumesema karatasi tangu Oktoba ile.

Najma mnaijua kuliko sisi. Jina lenyewe ni nyota, na kwetu tunawapa mabinti. Nguzo za taa zimebandikwa matangazo ya bedispesi, yaani kitanda cha kukodi, maji na umeme humo humo, na chini namba ya simu imekatwakatwa vipande kama meno ya kitana. Unachana kimoja, unapiga, jioni unalala. Jina hukuulizwa. Godoro unalipata Souq Haraj, limeshalaliwa na watatu kabla yako, na siku ya kuhama maisha yako yote yanaingia pikapu moja kati ya magharibi na isha. Kwa aliyetoka kambi ya kampuni huko Sanaya kwenye viwanda, Najma ni raha: chai ya karaki iko chini ya ngazi, kinyozi yuko mlango wa pili, hakuna wa kukuuliza umerudi saa ngapi. Hatuilaumu raha hiyo. Mtu aliyesimama zamu ya saa 12 ana haki ya kutoulizwa.

(Na lile neno “bachela” tumeshalisema hapa mpaka tumechoka. Mtu ana mke Tanga na watoto wanne, anatuma pesa kila mwezi, lakini kwa kuwa amelala peke yake huku anaitwa bachela, na sheria namba 15 ya mwaka 2010 inakataza makazi ya wafanyakazi katikati ya mitaa ya familia. Kana kwamba yeye hana familia. Tuliache kwa leo.)

Turudi kwenye karatasi. Kuna sheria nyingine, namba 24 ya mwaka 2017, iliyotutaka sote mwaka 2020 tuandikishe anwani zetu: namba ya eneo, namba ya mtaa, namba ya jengo. Ndizo zile tatu za kwenye kibao cha bluu mlangoni. Wengi mliandikisha. Mkaandikisha kambi, maana ndipo kampuni ilipowaweka, kisha mkahamia mjini bila kubadilisha. Kwenye kompyuta ya serikali umelala Sanaya. Mwili wako umelala Najma, eneo namba 26. Lile jengo lingekuwa la kwenu, wangekutafuta wapi?

Wala tusijifanye haya tumeyakuta Uarabuni. Kuna lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoanguka Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, likaua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, walikufa zaidi ya watu 50, na idadi ya waliopotea ilibadilika karibu kila siku, kwa sababu ile ile: walikuwamo akina nani? Ila nyumbani angalau kuna mama muuza mandazi anayewajua wapangaji wote. Kuna balozi wa nyumba kumi. Huku balozi tunaye wa nchi, ana bendera na geti. Balozi wa nyumba kumi hatuna, na ndiye tunayemhitaji zaidi. Ubalozi hauwezi kujua nani yuko kitanda cha juu na nani cha chini. Wewe wa kitanda cha katikati unajua. Au hujui? Ndugu yangu, yule anayelala juu yako, jina lake kamili ni nani? Si Morio. Si Mzee wa Karwa. Jina la kwenye pasipoti.

Tunasema haya kwa uchungu kwa sababu kuandika tunajua, tena sana. Mwenzetu akifa, ndani ya saa moja orodha imeanza kuzunguka kwenye simu. Namba moja, Mama Aisha, riyali 50. Namba mbili, Otieno, riyali 100. Namba tatu, Jirani Mwema, ahadi. Kila jina liko mahali pake, kila riyali imehesabiwa, na maiti inasafirishwa mpaka Bungoma, mpaka Pemba, mpaka Bukoba, kwa heshima zote. Hakuna jamii inayotushinda kwa orodha ya mchango. Tunaandika majina ya waliochanga. Majina ya waliolala hatuandiki. Mtu anaingia kwenye daftari letu siku ya kufa kwake.

Tunajua jibu lenu, mmetupa mara nyingi. Jina likiandikwa, mtu anatafutwa. Wapo ambao ikama, kibali cha kuishi hapa, imeisha na kampuni haijaihuisha. Wapo walioacha kazi kabla ya mkataba kwisha, mwajiri akaripoti kwamba wametoroka. Wapo akina dada waliotoka nyumba za watu usiku wakiwa na mkoba mmoja, na Najma ikawapokea bila maswali. Hofu hiyo ni ya kweli, na kituo hiki hakitamwambia mtu yeyote aende akajitaje ofisini. Tunasema daftari la ndani. La kwenu nyinyi sita, au kumi, au mlivyo. Daftari ambalo halitoki mlangoni mpaka siku mlango wenyewe haupo. Na aliyetoroka ndiye mwenye haja nalo zaidi, kwa kuwa huyo hata kampuni haitajisumbua kuuliza yuko wapi.

Basi tufanye, jamani! Tusingoje chama, tusingoje kiongozi, tusingoje semina ya ubalozini yenye sambusa na hotuba. Usiku huu, ukishuka kununua mkate, simama mlangoni usome kibao cha bluu. Eneo, mtaa, jengo. Zitume nyumbani, kwa mkeo, kwa mumeo, kwa mama, kwa mtoto aliye mkubwa, na umwambie: hapa ndipo ninapolala, si kule kulikoandikwa kwenye mkataba. Mkihama, zitume tena. Mpe na jina la mtu mmoja wa Doha wa kumpigia, ikiwa simu yako itazimika siku mbili. Mwenye chumba, wewe unayekusanya kodi kila mwisho wa mwezi, unajua kuandika nani amelipa na nani anadaiwa. Ongeza mstari mmoja: jina kamili, nchi, simu ya nyumbani. Ukikuta ufa ukutani, au mafundi wanagonga nguzo ya chini na wapangaji mko juu, usinyamaze kwa kuogopa kupandishiwa kodi. Uliza. Ulizeni wote. Na nyinyi wa makundi ya simu, mnaotuma picha za maua kila asubuhi, leo msitume maua, tumeni namba za jengo.

Daftari linapatikana kwenye duka lolote la chini ya ngazi. Kalamu mnayo. Anzeni na kitanda kilicho karibu na mlango.