Sanduku la Huduma ya Kwanza na Mlinzi Wake

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kitu kidogo, ambacho ukubwa wake haupiti bati la biskuti, nacho ni sanduku la huduma ya kwanza nyumbani. Wengi wenu mmekwisha kuambiwa kwamba yafaa kuwa nalo, na wengine mmekwisha kulinunua. Basi leo twapenda kunena juu ya jambo lisilonenwa sana, yaani kulitunza lisiwe tupu.

Na tutwae mfano wa nyumba yo yote ya Makuyuni, katika Wilaya ya Korogwe. Kazi za watu wa huko zajulikana: jembe, panga, mifugo, biashara ndogo ndogo, na mkonge. Mmea huu, tangu Dakta Richard Hindorf alipouleta katika nchi hii mwaka 1893, umewapa watu wa Tanga riziki, lakini kila jani lake lina mwiba mkali katika ncha. Nyumbani nako kuna moto wa mafiga, kuna kisu, na wakati wa maembe watoto hupanda miti. Haipiti wiki bila mtu kukatwa, kuchomwa au kuanguka.

Msaada wa tabibu upo. Iko Hospitali ya Magunga mjini Korogwe; watu wa Handeni nao wana hospitali ya wilaya yao; na mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Bombo, Tanga. Lakini kati ya jeraha na tabibu pana njia, na njia yataka chombo na nauli, na pengine ni usiku wa mvua. Muda ule wa katikati hauna mwenyewe ila sisi tulio karibu na mgonjwa, na sanduku limewekwa kwa ajili ya muda huo. Kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilipoanza kuuza masanduku ya namna hii mwaka 1888, iliyatengeneza kwa ajili ya wafanya kazi wa reli, waliokuwa wakiumia mbali na waganga. Haja yetu ni hiyo hiyo.

Sasa tazameni jinsi sanduku linavyokwisha. Mtoto atwaa plasta agandishe daftari lake lililochanika. Dada atwaa mkasi akate kitambaa, asiurudishe. Mjomba, aliyekuja kutembea, ahitaji kamba ya kufungia mzigo juu ya baiskeli, naye aona bendeji yafaa sana. Baba arudi arusini na kichwa kizito, ameza vidonge viwili vya mwisho. Hapana aliyeiba, kila mmoja alitwaa kidogo. Twajua kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini twasahau kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Hata usiku mmoja sufuria ya uji yapinduka juu ya mguu wa mtoto. Mume aita, “Mama watoto, sanduku liko wapi?” Mke ajibu, “Li juu ya kabati, baba.” Lafunguliwa, ndani mna pini mbili na karatasi ya maagizo. Hapo jirani mmoja aleta dawa ya meno, wa pili majivu, wa tatu yai, na wote wana nia njema. Kumbe hayo yote hudhuru: huliziba jeraha kwa uchafu, na tabibu hana budi kuyaondoa kwa maumivu mapya. Pasipo kitu kilicho sawa tayari mkononi, watu hushika cho chote kilicho karibu.

Mtoto yule alihitaji nini? Maji safi ya baridi, si barafu, yamiminwe taratibu juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Kama amevaa bangili au kamba mguuni, ivuliwe mapema kabla ya kuvimba. Malengelenge yasitumbuliwe. Kisha pafunikwe kwa shashi au kitambaa safi kisichogandamana na ngozi, naye apelekwe hospitali. Maji yamo katika mtungi. Sanduku lilitakiwa kutoa shashi tu, nayo haikuwamo.

Dawa ya ugonjwa huu wa masanduku ni kumweka mlinzi mmoja. Si lazima awe mama, ambaye mizigo yake yatosha. Kijana wa darasa la sita ajuaye kusoma vizuri aweza kazi hiyo, tena ataiona kuwa heshima. Mpeni karatasi aibandike ndani ya kifuniko, imeandikwa kila kitu na hesabu yake. Kitu kikitoka, yeye ataandika; na tarehe ya kwanza ya kila mwezi atahesabu mbele ya baba na mama, nao watanunua kilichopungua kabla ya kununua kitu cha anasa. Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Vitu vyenyewe si vingi: sabuni, shashi safi zilizofungwa, bendeji pana na nyembamba, plasta, pini, mkasi usiotoka humo, kibano cha kung'olea miiba, mipira ya mikononi, ili damu ya mtu isimguse amsaidiaye, tochi na betri zake, vidonge vya parasetamoli, na pakiti za ORS kwa mtoto aharaye. Pakiti zikikosekana, pimeni lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, na chumvi nusu kijiko, vyote vimesawazishwa kwa kisu, wala msizidishe chumvi. Mnyweshwe kidogo kidogo, na mapema mpelekeni zahanati, ambako atapewa na zinki. Tieni na vitambaa viwili vipana. Mtu akiumwa na nyoka, vitambaa hivyo pamoja na kipande cha ubao hutuliza kiungo kisitikisike njiani. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba; na jiwe jeusi la nyoka, ambalo wengi hulitumaini, halivuti sumu. Aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha siku ile ile aende kupata chanjo.

Mlinzi ana kazi ya pili, nayo ni kutoa visivyofaa. Zamani nyumba nyingi ziliweka klorokwini kwa ajili ya homa. Lakini vijidudu vya malaria vilizoea dawa hiyo, na mwaka 2001 Serikali ya Tanzania iliiacha na kushika SP. Nayo SP ikashindwa, na tangu mwisho wa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto. Mtu aliyeendelea kumpa mwanawe kidonge cha zamani alimpa matumaini bila dawa, na malaria ya mtoto haingoji. Kwa hiyo msiweke akiba ya dawa za malaria wala mabaki ya dawa za vijidudu. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu. Aspirini msimpe. Parasetamoli hupunguza joto, haitibu malaria, nayo hupewa kwa kipimo cha uzito wake kama ilivyoandikwa. Kila dawa ikae katika pakiti yake yenye tarehe, na tarehe ikipita itolewe.

Juu ya mahali pa kuweka, shauri letu ni fupi. Pawe pakavu, mbali na moto na joto la bati la paa. Pawe juu, mtoto mdogo asipafikie, lakini kila mtu mzima apajue. Msilifunge sanduku kwa kufuli ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwa baba aliyekwenda Korogwe. Wala mafuta ya taa yasikae karibu nalo, wala katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi.

Labda mtasema, sisi ni maskini, haya yote tutayapata wapi? Hatusemi myanunue kwa siku moja. Mwezi huu sabuni na bendeji, mwezi ujao shashi na mkasi. Hata bati la biskuti lililooshwa likakauka lafaa kuwa sanduku. Kuanza si kazi ngumu. Kazi ni ile tarehe ya kwanza, mwezi baada ya mwezi, wakati hapana aliyeumia na kila mtu aona ni upuuzi kuhesabu pini.

Basi, kabla ya kulala usiku huu, lifungueni sanduku lenu mtazame ndani, na mlinzi wenu achaguliwe kesho. Kwa herini.