Nta, Udongo na Moto: Kutengeneza Wanyama wa Bronzi

(Haya ni maneno ya fundi mmoja wa jua kali alipozungumza na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Mliniita niwaeleze kazi hii ya kuyeyusha shaba na kutoa sanamu za wanyama. Nimesikia kikundi kimoja hapa kinataka kuchukua mkopo ili kianze mara moja. Nawaomba mnisikilize kwanza, halafu mwamue.

Bronzi ni nini? Ni shaba nyekundu, kama ile ya ndani ya waya za stima, ikichanganywa na bati. Si mabati ya paa, ni ile bati laini nyeupe. Kwa sehemu kumi, tisa ni shaba na moja ni bati. Shaba peke yake huyeyuka kwa nyuzi 1085, lakini ukitia bati inayeyuka mapema, karibu na nyuzi 1000, na inatiririka vizuri.

Msidhani kazi hii ni ya wageni. Mafundi wa Benin, kule Nigeria, walikuwa wakimwaga chui na majogoo wa shaba karne nyingi zilizopita. Mwaka wa 1897 askari wa Uingereza walivamia mji huo wakachukua maelfu ya vitu. Jogoo mmoja alikaa katika chuo cha Jesus College, Cambridge, mpaka mwaka wa 2021 aliporudishwa kwa wenyewe. Hata wale farasi 9 wa mwituni wanaokimbia majini kule Las Colinas, Texas, Marekani, waliozinduliwa mwaka wa 1984, walitengenezwa na Robert Glen, mzaliwa wa hapa hapa Kenya.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza, mtazame mnyama. Usianze na ndovu uliyemwona kwenye kalenda. Anza na jogoo wa nyumbani, mbuzi, ama ngiri anayekula mahindi yako. Angalia anavyobeba uzito akisimama. Mteja hununua mnyama aliye hai, hanunui masikio mawili na mkia.

Pili, nta. Wengi wetu tukishakamua asali tunatupa masega. Hiyo ni pesa mnatupa! Chemsheni masega kwa maji, mchuje kwa gunia, yakipoa nta itaelea juu. Ukitaka kuiyeyusha tena, weka sufuria ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kwa maana nta ikipata moto inawaka kama mafuta ya taa. Mfinyange mnyama wako kwa nta hiyo, umtie na vijiti vya nta, ambavyo ndivyo vitakuwa njia za shaba kuingia na hewa kutoka.

Halafu pima uzito, pamoja na vijiti. Kila gramu 100 za nta zitataka karibu kilo moja ya bronzi, na uongeze kidogo ya akiba. Shaba ikipungua katikati ya kumwaga, jogoo anatoka bila kichwa na kazi ya wiki imeenda.

Tatu, udongo. Paka udongo laini uliochujwa, tabaka kwa tabaka, kila moja ikauke kivulini. Tabaka za nje changanya na mavi ya ng'ombe ama ya farasi yaliyokauka, ili yakiungua hewa ipate kupita. Hii tunaiita kalibu.

Nne, moto. Kalibu inaingia kwenye tanuri mdomo ukitazama chini, nta itiririke yote. Kisha inachomwa kwa saa nyingi mpaka ndani iwe nyekundu. Inageuzwa, inazikwa kwenye mchanga mkavu, na shaba inamwagwa kalibu ikiwa bado ina joto.

Hapa nisimame kidogo. Nilipokuwa mwanagenzi, nilipewa kazi ya kulinda tanuri usiku. Mvua ikanyesha. Moto ukafifia, nami nikalala. Asubuhi fundi akaniuliza, "Kalibu imekauka?" Nikasema ndiyo, kwa sababu niliona aibu. Mwenzangu alipomwaga, yale maji kidogo yaliyobaki yakageuka mvuke mara moja na shaba ikaruka nje kama risasi. Alikuwa amevaa akala. Miezi minne hakuweza kukanyaga chini. Alinisamehe, lakini mguu wake bado unachechemea, na kila nikiuona nakumbuka lile neno "ndiyo".

Kwa hivyo sheria ni hizi. Kalibu yenye shaka haimwagwi, hata kama mteja yuko mlangoni. Viatu vya ngozi, glavu za ngozi, na kitu cha kukinga uso. Watoto wawe mbali. Mkiyeyusha mifereji ya zamani, moshi mweupe unaotoka huleta homa, basi fanyeni kazi nje na msimame upande unakotoka upepo. Waya usichome plastiki yake, ichune kwa kisu.

Na msinunue shaba usiyojua ilikotoka. Mwaka wa 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vifaa vya stima. Waya iliyoibwa leo ndiyo taa ya dispensari yako kesho.

Mnyama akitoka, unakata vijiti, unapiga tupa, unasugua. Mfundisheni mnunuzi kumtunza: maji na sabuni kidogo, akaushwe kabisa, kisha apakwe nta nyembamba mara moja au mbili kwa mwaka. Asisuguliwe kwa mchanga wala waya ya sufuria. Chumvi ni adui yake. Madoa ya kijani ya unga unga yakitokea, akaushwe haraka apelekwe kwa fundi.

Mwisho, juu ya mkopo. Ushauri wangu ni muuache kwanza. Mwaka wa kwanza uzeni asali, mtunze nta. Chagueni vijana wawili wakakae kwa fundi mpaka wajue kusema, "Bado haijakauka." Tanuri linaweza kungoja.



Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Ni kitu gani tunatupa nyumbani ambacho kingekuwa mali?
2. Je, katika kikundi chetu mtu anaweza kukubali kosa bila kuaibishwa?
3. Tukipata pesa leo, tungelipia mafunzo ama vifaa kwanza? Kwa nini?