Maini na Matumbo: Hatari Huja Kabla ya Chungu

Mazungumzo ya afisa wa afya ya umma kwa wakazi wa Mji wa Kale, kuelekea sikukuu ya Idd-ul-Adha



Sikuja kumkataza mtu matumbo. Hapa kisiwani matumbo ya nazi kwa chapati ni chakula cha heshima, na mishkaki ya maini ina wateja wake kila jioni. Bara wana mutura. Wascotland, kule Uingereza, huchukua moyo, maini na mapafu ya kondoo, wakachanganya na shayiri, mafuta na vitunguu, wakapika ndani ya tumbo la kondoo huyo huyo. Chakula hicho hukiita haggis, na kila tarehe 25 Januari hukiandalia karamu. Kila jamii inayofuga imejua kwamba mnyama akichinjwa hatupwi nusu.

Tena maini yana faida kubwa. Yana madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, na mtu aliyepungukiwa damu hufaidika nayo. Ila mama mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku. Gramu 85 tu za maini ya ng'ombe ya kukaanga zina zaidi ya mikrogramu 6,000 za vitamini A, na kikomo cha mama mjamzito kwa siku ni 3,000. Ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Aulize kliniki kwanza. Na mwenye jongo apunguze maini na figo, kwani humchochea maumivu ya viungo.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Watu wengi huogopa kilicho ndani ya chungu. Lakini matumbo yaliyooshwa na kuchemshwa vizuri, na maini yaliyoiva mpaka ndani yasibaki mekundu, hayana tatizo kubwa. Hatari kubwa iko mapema zaidi: kwa mkono unaochinja, unaochuna na unaotoa matumbo.

Mnakumbuka homa ya Bonde la Ufa. Mwishoni mwa 2006 ilizuka Garissa, ikafika Tana River na Kilifi, na hadi ilipokwisha mwaka uliofuata ilikuwa imeua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Ugonjwa huu huletwa na mbu, lakini pia humpata mtu anayegusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Mifugo tunayochinja hapa hutoka mbali, na mingine hutoka sehemu hizo hizo. Kwa hiyo ukinunua mbuzi wa udhia, uliza kibali cha kusafirisha mifugo. Mnyama aliyelegea, mwenye homa, au aliyeharibu mimba karibuni, usimchinje. Na aliyekufa ghafla, damu nyeusi ikamtoka puani, usimpasue kabisa. Huenda ni kimeta. Piga ripoti ofisi ya mifugo.

Jambo la pili ni malengelenge. Ukipasua mbuzi ukakuta maini au mapafu yana mifuko ya maji, huenda ndani yake mna vichwa vichanga vya tegu wa mbwa. Ukitupia mbwa maini hayo, tegu hukomaa ndani yake, na kinyesi chake husambaza mayai. Mtoto akimshika mbwa huyo kisha akatia mkono mdomoni, mifuko hiyo humea ndani ya ini lake miaka na miaka, na mara nyingi huishia kwa upasuaji. Turkana wameteseka sana kwa ugonjwa huu. Nanyi mtasema, Mji wa Kale ni wa paka. Kweli, lakini mfuko wa taka wa leo kesho uko jaani, na jaani kuna mbwa.

Dukani je? Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Mkaguzi hushikashika maini na kukata mifereji ya nyongo akitafuta minyoo. Lakini muhuri mnauona kwenye paja lililoning'inia, hamuuoni kwenye matumbo yaliyokwisha katwakatwa. Basi nunua matumbo kwa mwenye bucha anayekuonyesha nyama yenye muhuri, si kwa anayepita na ndoo mlangoni, hata kama bei yake ni nafuu.

Na kwa wanaochinja nyumbani sikukuu hii, nawaomba mambo matano.

Kwanza, fikeni mapema ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ya Mvita kupanga ukaguzi.

Pili, anayetoa matumbo avae glavu, na mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine.

Tatu, matumbo na maini yaingie jikoni upesi. Kwa joto letu huharibika haraka kuliko nyama. Kibao na kisu chake visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Nne, viungo vyenye dosari visitupwe wala kupewa mnyama. Vichomwe au vizikwe kwa kina, na kwa kuwa vichochoro vyetu havina nafasi, vifungeni mumkabidhi mkaguzi.

Tano, kinyesi cha tumboni kisimwagwe mtaroni. Mitaro ikiziba, maji machafu humrudia jirani mlangoni. Isipoziba, uchafu huishia baharini tunakovua.

Haya hayagharimu pesa nyingi. Kuleni maini yenu na matumbo yenu, muwape na majirani, mkijua yametoka wapi na nani aliyakagua.