Nyimbo Zilizofungwa kwa Kufuli: Mazungumzo na Familia na Viongozi wa Fizi na Baraka

 

Leo hatutazungumzia mipaka ya ardhi. Tutazungumzia nyimbo zilizo ndani ya simu, kadi za memori na kompyuta, hasa zile zinazokubali kulia katika mashine moja na kukataa katika nyingine. Kuna atakayesema hilo ni jambo la vijana. Lakini fikirini familia iliyovuka ziwa mwaka 1996 au 1998, ikakaa Lugufu au Nyarugusu miaka mingi, kisha ikarudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, safari zilizoanza mwaka 2005. Fikirini wale walioshuka kutoka Minembwe na Itombwe, na wale waliokimbia baada ya Bukavu kutekwa Februari 2025. Fikirini pia ndugu zetu Warundi walio Lusenda tangu 2015. Nyumba inajengwa upya, mbuzi hununuliwa tena. Sauti ya bibi akiimba kwenye arusi, au kwaya ya kambini ambayo nusu ya waimbaji wake sasa wako Marekani na Australia, ikipotea hakuna soko la kuinunua.

Kuna sababu ya pili, nayo inatuhusu sisi tunaofanya kazi ya upatanishi. Katika arusi moja hapa Baraka, upande wa bibi arusi ulileta wimbo uliotumwa na kijana wao aliye ng'ambo. Katika kompyuta yao ulilia vizuri. Ulipohamishwa kwenye mashine ya upande wa bwana arusi, kimya. Waliona jina la wimbo, waliona na dakika zake, sauti hakuna. Mara maneno yakaanza: "Wametupa kitu kibovu kwa makusudi." Hao walikuwa watu wa kabila moja, wakwe kabisa, na ilibidi wazee waingilie. Kati ya jamii mbili ambazo tayari zinatazamana kwa wasiwasi, neno kama hilo huenda mbali zaidi. Ndiyo maana tunataka kila kiongozi hapa aweze kueleza kwa utulivu kilichotokea.

Kwa kawaida faili la wimbo hukataa kwa sababu ya aina yake, au kwa sababu limeharibika, au kwa sababu limefungwa. Watu huchanganya haya matatu kila siku.

La kuharibika ni rahisi: kadi za bandia ziko nyingi sokoni, zinaandika kwamba zina nafasi kubwa kumbe hazina, na nyimbo za mwisho zinaingia nusu. Hapo nakili tena kutoka kwenye asili. La aina nalo si gumu. Sauti huhifadhiwa kwa maandishi tofauti: MP3, WMA, AAC, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp hutumia aina iitwayo opus. Simu ndogo ya vitufe hujua MP3 na pengine chache nyingine, basi. Ikipewa opus, ni kama mzee wa Kazimia anayeletewa barua ya Kichina. Barua haina kosa, mzee hana kosa. Ukiligeuza faili kuwa MP3 kwa programu kama VLC au Audacity, ambazo hazilipiwi, wimbo unalia.

Kufuli ni habari nyingine, na hapa tunaomba tukae kidogo.

Wimbo uliofungwa umeandikwa kwa siri. Faili zima liko mkononi mwako, unaweza kulinakili mara mia, lakini bila ufunguo yaliyomo ni vurugu tupu. Ufunguo huo huitwa leseni, na haukai ndani ya wimbo. Hukaa katika kompyuta ya mnunuzi au katika akaunti yake kwa kampuni iliyouza. Programu ya kupigia muziki kwanza hutafuta leseni, ikiipata inafungua, isipoipata inanyamaza. Kwa hiyo yule kijana wa ng'ambo hakutuma kitu kibovu. Alituma sanduku, ufunguo ukabaki kwake.

Kufuli hizi zilienea zaidi miaka ya 2000. Duka la muziki la iTunes la kampuni ya Apple lilifunguliwa Aprili 2003, na nyimbo zake zilizofungwa zilikuwa na jina linaloishia na herufi m4p. Mnunuzi aliruhusiwa kompyuta tano tu, na wimbo haukulia katika programu ya Windows Media Player wala katika simu za kawaida. Microsoft nayo ilikuwa na kufuli yake kwenye mafaili ya WMA, ambayo iTunes haikuifungua. Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba Novemba 2006 Microsoft yenyewe ilitoa mashine ndogo ya muziki iitwayo Zune, na mashine hiyo haikuweza kupiga nyimbo ambazo watu walikuwa wamenunua katika duka la Microsoft hiyohiyo, MSN Music. Mwenye nyumba alikataa ufunguo wake mwenyewe!

Sikilizeni sasa kilichofuata, maana kinawahusu watu wanaohamahama. Aprili 2008 Microsoft ilitangaza kwamba baada ya tarehe 31 Agosti mwaka huo haitatoa tena leseni za nyimbo za MSN Music kwa kompyuta mpya. Wateja walilalamika sana, muda ukasogezwa mpaka mwisho wa 2011. Maana yake ilikuwa hii: ukibaki na kompyuta yako ileile, nyimbo zako unazo. Ukiibadilisha, umezipoteza, ingawa ulilipa. Huko Ulaya na Marekani mtu hubadilisha kompyuta kwa hiari yake. Huku kwetu mashine huachwa nyumbani usiku wa risasi. Kufuli la namna hii limetungwa na watu wasiojua kukimbia.

Apple iliondoa kufuli katika nyimbo zake zote mwaka 2009, baada ya kuanza na za kampuni ya EMI mwaka 2007. Kwa hiyo wimbo ulionunuliwa huko baada ya hapo, wenye jina linaloishia na m4a, unalia katika VLC na katika simu nyingi. Yale ya zamani yaliyonunuliwa yakiwa na kufuli hayakufunguka yenyewe. Mkiona m4p, mjue.

Lipo pia kufuli ambalo mtu hujifungia mwenyewe bila kujua, na hili ndilo linalotusikitisha zaidi. Katika matoleo ya zamani ya Windows Media Player kulikuwa na kisanduku cha kuchagua: ukitia alama, kila CD unayonakili kwenye kompyuta inawekewa kufuli. Kwa hiyo CD ya kwaya, iliyorekodiwa na kwaya yenyewe, inaweza kuwa imegeuzwa kuwa WMA iliyofungwa katika nyumba ya kunakili, kijana wa pale akiwa amekuta alama imewekwa na mtu mwingine. Miaka kumi baadaye kompyuta ile imekufa, na kwaya haiwezi kusikia sauti yake. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba huduma zake za zamani za leseni za aina hiyo haziendelezwi tena. Mwenye CD ya awali aitunze kama cheti cha ubatizo, na ainakili upya leo kwa MP3, kisanduku kikiwa wazi.

Utajuaje? Lifungue faili kwa VLC katika kompyuta. Likilia, halina kufuli, tatizo ni aina tu, ligeuze. Likikataa hapo lakini linalia katika mashine ya mwenye nalo, kwa programu aliyonunulia, basi karibu ni hakika limefungwa. Katika Windows unaweza pia kubonyeza faili kwa kitufe cha kulia, ukafungua sifa zake na maelezo, utaona mstari unaosema kama limelindwa au la. Na tafadhali, waambieni vijana kwamba kubadilisha herufi za mwisho za jina, kutoka wma kuwa mp3, hakufungui chochote. Kubandika jina la Yohana kwenye mlango wa Petro hakumfanyi Yohana awe na ufunguo.

Baadhi yenu mtauliza, si kuna programu za kuvunja kufuli? Zipo. Hatuzifundishi hapa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na tangu 2011 iko SOCODA inayosimamia haki hizo. Njia nyoofu ni kumrudia aliyenunua. Yeye ana ufunguo. Kwa mfano, iTunes iliruhusu mnunuzi kuchoma nyimbo zake kwenye CD ya kawaida, na CD hiyo hupigwa popote. Mwombeni ndugu yenu afanye hivyo wakati mashine yake ingali hai, badala ya kumtumia ujumbe wa kumlaumu. Kuhusu waimbaji wetu wa hapa, maoni yetu ni kwamba kufuli haliwasaidii. Mwimbaji wa Mboko anasaidiwa na watu kulijua jina lake, kumwita kwenye sherehe na kumlipa. Jina lake liandikwe katika kila faili, hilo ndilo la kudai.

Msidhani mambo haya yamekwisha. Ukishusha wimbo ndani ya Spotify leo, wimbo huo hautoki humo. Hauonekani kwa VLC, hauendi kwa Bluetooth, na programu hudai uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Kule Lulenge au Ngandja, ambako mtu hupanda kilima kutafuta mtandao, siku 30 hupita haraka.

Sasa ninyi viongozi. Kamati inapolipia wimbo wa amani urekodiwe, kwa Kibembe, Kifuliru, Kinyamulenge au Kiswahili, andikeni katika mapatano na studio kwamba mtapewa rekodi ya asili kwa WAV na nakala ya MP3, zote bila kufuli. WAV ni nzito, kama megabaiti 10 kwa dakika, lakini ndiyo mama wa nakala zote. MP3 ya kawaida ni kama megabaiti moja kwa dakika, hivyo kadi ndogo ya gigabaiti 2 inabeba zaidi ya saa 30. Wekeni nakala kwa watu watatu wanaokaa mahali tofauti, mmoja wao awe wa jamii nyingine. Kabla ya kuugawa wimbo, ujaribuni kwanza katika simu ya bei ya chini kabisa iliyopo mkutanoni, maana wimbo unaosikika upande mmoja tu wa mlima utasemwa kuwa ni wa upande huo.

Kompyuta iko mezani na jenereta ina mafuta ya saa tatu. Leteni kadi zenu. Tutaanza na akina mama wa Swima, kwa sababu wana safari ndefu ya kurudi.