Florini na Gorogoro

Somo: Mithali 11:1

Leo tunapenda tuwaze pamoja juu ya sarafu ambayo wengi wetu hapa Kisumu hatujapata kuishika. Iliitwa florini.

Babu zetu wa kandokando ya Ziwa walizoea rupia, iliyokuwa karibu fedha tupu. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliiondoa, ikaleta florini: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili simba. Nusu yake tu ilikuwa fedha. Watu hawajaizoea bado, mwaka 1921 ikaanza kutengenezwa shilingi, ambayo fedha yake ilikuwa robo tu. Florini moja ikawa shilingi mbili, kisha ikatoweka sokoni.

Walowezi wenye madeni walinung'unika. Rupia ya thamani ya shilingi moja na peni nne za Uingereza sasa ilihesabiwa shilingi mbili, na deni likapanda nayo. Basi walifanyaje? Mwaka 1921 walikubaliana kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Wakati huohuo kodi ya kibanda ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Mzigo ukashuka ngazi kwa ngazi, hata ukamkalia yule asiyekuwa na wa kumtwisha. Ndipo Desemba 1921 watu wakakusanyika Lundha, huko Gem, wakasema kilio chao. Mwaka uliofuata kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Wapendwa, sisi hatutengenezi sarafu. Lakini kila mmoja wetu ana kipimo mkononi mwake. Yupo mwenye gorogoro iliyobonyezwa chini, mwenye mizani ya samaki ufuoni, na mwenye kibarua anayengoja ujira wake jioni. Bei zikipanda, ni rahisi kusema, "Hata mimi nimeumizwa," kisha tukabonyeza gorogoro kidogo zaidi. Anayelala njaa ni mama aliyekuja kununua unga wa jioni.

Mungu huchukizwa na mizani ya hila, hata kama aliyeishika naye ameonewa. Tukiumizwa, tuseme wazi kama wale wa Lundha. Tusimtwishe mdogo wetu.

Tuombe: Ee Bwana, utupe mikono ya haki, sokoni na nyumbani. Amina.